UZI: Ugonjwa unavukia wapi hasa kutoka porini kuja kwetu? Budongo, Kitaka, Bwamba, Busoga

Mwanamisitu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila mlipuko ukitangazwa hapa Uganda maneno ni yaleyale: popo wauawe, nyani wafukuzwe. Maneno hayo hayasemi ugonjwa ulivukia wapi. Naomba humu tufike mahali penyewe: mti gani, pango gani, mwezi gani, mkono wa nani uligusa nini. Mwenye ujuzi wa eneo lake alete.

Naanza na msitu wa Budongo, maana mnyororo wake umeonekana pete kwa pete.

Mabonde ya msitu ule yalikuwa na miwale, ile mitende ya majimaji yenye majani marefu kuliko nyumba. Mwale ukifa na kuanza kuoza, sokwe huuchimba na kula kiini chake, kwa sababu kina sodiamu nyingi na msitu wenyewe ni maskini wa chumvi. Sasa, wakulima wa tumbaku wa pembezoni walihitaji uzi wa kufungia majani ya tumbaku wakati wa kukausha. Uzi mzuri unatoka kwenye majani machanga ya mwale. Wakachuna, wakachuna, na kati ya 2006 na 2012 miwale ikawa karibu imekwisha katika eneo ambalo watafiti wanafuatilia sokwe.

Chumvi ikatafutwa kwingine. Kuna mti wenye uwazi ndani ambamo popo wadogo wanalala, na chini yake mavi yao yamerundikana. Kamera zilizotegwa hapo zilinasa sokwe, mbega weusi-weupe na funo wekundu wakiyala: mara 839 katika siku 71 tofauti. Mavi yale yalipopimwa yalikutwa na virusi vya aina 27, kimojawapo kikiwa cha ukoo wa korona ambacho hakikuwa kimejulikana. Hakuna ushahidi kwamba kirusi hicho kinaambukiza binadamu. Lakini tazameni njia iliyofunguka: kutoka popo hadi sokwe, na sokwe ndiye mnyama aliye karibu nasi kuliko wote kwa mwili. Hakuna popo aliyehama. Aliyehama ni mwale.

MtuWaMaabara

Asante mkuu kwa kuanza vizuri. Niongeze Kitaka, kwa sababu ndiyo jibu kwa wanaosema popo wauawe.

Kitaka ni mgodi upande wa Ibanda na Kamwenge. Mwaka 2007 wachimbaji wanne waliugua Marburg, homa ya kutoka damu ya ukoo mmoja na Ebola. Ndani ya mgodi walilala popo-matunda wa mapangoni, *Rousettus aegyptiacus*, zaidi ya laki moja. Walipopimwa, kama asilimia 5 walikuwa na kirusi mwilini wakati huo. Baada ya hapo watu waliamua kuwamaliza. Mlango ukazibwa kwa matete na nyavu za samaki, popo wakanasa na kufa kwa maelfu.

Mwaka 2012 Marburg ilirudi Ibanda, na safari hii ulikuwa mlipuko mkubwa kuliko yote ya Marburg iliyowahi kuonekana nchini. Popo walikuwa wameanza kurejea mgodini, wachache sana ukilinganisha na zamani, lakini waliokuwa na kirusi walikuwa asilimia 13.3.

Sababu inaeleweka. Ukifuta koloni, nafasi haibaki tupu; wanaingia popo wapya, wengi wakiwa wachanga ambao miili yao haijawahi kukutana na kirusi. Popo mzee aliyepona ana kinga, na yeye ndiye anayepunguza kasi ya maambukizi ndani ya pango. Ukimuua huyo umeondoa breki.

Jambo la pili ni miezi. Popo hawa huzaa mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari na karibu na Agosti. Mtoto akifika kama miezi sita, kinga ya mama imeisha na anaambukizwa. Kwa hiyo kirusi hupanda katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba, na tena katikati ya Desemba hadi katikati ya Machi. Watafiti walipopanga maambukizi ya binadamu yaliyojulikana kwenye kalenda hiyo, zaidi ya asilimia 80 yaliangukia humo. Mwenye mgodi anayetaka kupunguza hatari ana kitu cha kufanya hapo: kazi za ndani kabisa ya shimo ziwe nje ya miezi hiyo.

Nyumba_ya_Bati

Samahani wataalamu, niulize swali la mtu wa kawaida. Kanisa letu lina popo kwenye dari, wadogo weusi, wananuka. Hao nao wana Marburg? Na tukitaka kuwatoa tufanyeje?

MtuWaMaabara

Swali zuri sana ndugu. Uwatofautishe kwanza. Popo wa Marburg ni mkubwa, rangi ya kahawia, uso kama wa mbwa mdogo na macho makubwa. Analala pangoni, mgodini, penye giza na unyevu, kwa maelfu. Hao wa kwenye bati ni wadogo, wanakula wadudu, na hawajathibitishwa kubeba Marburg. Hiyo haina maana uwashike. Popo yeyote akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, halafu nenda ukapate chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo.

Kuwatoa: subiri usiku watu wakiwa kimya, usikilize. Ukisikia vilio vyembamba darini baada ya wakubwa kuruka, kuna watoto. Acha wiki sita hivi. Kama hakuna, tafuta matundu wanayotokea jioni (utaona alama nyeusi ya mafuta ukingoni). Ziba matundu mengine yote, hata ya sentimita moja. Kwenye tundu kuu ning'iniza wavu mwembamba, ushike juu na pembeni, chini uwe wazi na urefu wa kama nusu mita. Popo anateleza chini na kutoka, akirudi hapati njia. Acha usiku saba, kisha ziba.

Kosa linalofanyika ni kuziba mchana. Unawafungia ndani, wanakufa juu ya vichwa vya waumini.

Mavi yaliyobaki usiyafagie makavu. Vumbi lake lina ukungu unaoshambulia mapafu. Nyunyizia maji hadi yalowane, vaa barakoa inayobana uso, glavu na viatu vya mpira, chota kwa sepetu, fukia.

Akello_VHT

Mimi nataka tuseme juu ya matunda, kwa sababu watoto wanaokota kila asubuhi. Popo-matunda wa pango la Python katika msitu wa Maramagambo walifungwa vifaa vya kuonyesha wanakokwenda usiku. Hawakubaki msituni. Wengi walikula kwenye mashamba ya watu. Na maabara imeonyesha kirusi cha Marburg kinaweza kubaki hai juu ya embe na ndizi hadi muda wa saa 6. Popo hula tunda nusu, hutema makapi, huachia nusu liangukie chini. Mtoto anaamka alfajiri, embe liko chini, lina alama ya meno upande mmoja. Mama anakata upande ule, anampa mtoto uliobaki. Hiyo ndiyo sekunde ambayo kirusi kinaweza kuvuka.

Tunachofundisha kijijini: tunda lenye alama ya meno au kucha halikatwi, linatupwa zima shimoni, hata nguruwe hapewi. Tunda zima lililoanguka lioshwe, limenywe. Linaloiva mtini livunwe jioni kabla ya giza.

MtuWaMaabara

Sahihi kabisa dada Akello. Na pango hilohilo la Python ndilo ambalo mwaka 2008 mtalii wa Uholanzi aliingia, akaugua na kufa. Mmarekani aliyeingia miezi kadhaa kabla yake aliugua akapona. Sasa wageni wanawaangalia popo wakiwa ndani ya chumba cha vioo kilichojengwa kwa umbali. Popo wapo, utalii upo, mguso haupo.

BwanaMifugo

Niwatoe kwenye popo kidogo. Kimeta kinanisumbua roho kuliko Ebola, kwa sababu kinatokea tena na tena, na kila mara kinapitia kisu cha kuchunia.

Mwaka 2004 viboko zaidi ya 200 walikufa kwa kimeta kwenye mbuga ya Queen Elizabeth. Kiangazi kikiwa kikali maji hupungua, viboko husongamana, nyasi huliwa hadi mzizi, na mnyama anameza udongo pamoja na majani. Mbegu za kimeta (bakteria waliojifunga ganda gumu) ziko udongoni kwa miaka makumi. Ng'ombe wa kijiji cha jirani analisha hapohapo. Nyama ya bure ya kiboko inapoelea ufukweni, njaa haisubiri afisa.

Dalili za mzoga: kifo cha ghafla, tumbo linavimba upesi, mwili haukakamai vizuri, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au nyuma. Ukiona hivyo, USIPASUE. Sababu ni hii: ndani ya mzoga mzima, bakteria wa kimeta huoza pamoja na nyama na kufa kwa siku mbili tatu, kwa kuwa hawana hewa. Ukipasua, hewa inaingia na wanageuka mbegu ngumu ambazo hata jua haliziwezi. Mzoga mmoja uliopasuliwa ni malisho yaliyoharibika kwa kizazi kizima.

Hatua: funga matundu yote ya mwili kwa vitambaa vilivyolowa dawa, funika mzoga kwa turubai, weka miiba na mawe ili mbwa, fisi na tai wasifungue, mwite afisa mifugo achukue sampuli ya damu kwa sindano kwenye mshipa wa sikio. Kuchoma ndiko bora. Chimba mtaro wa hewa chini ya mzoga ili moto uje kutoka chini, maana ukirundika kuni juu tu, tumbo linabaki bichi. Penye ukosefu wa kuni, fukia mita mbili, mbali na kisima na mbali na penye mafuriko, kisha umwagie chokaa na kuzungushia ua.

Kundi lililobaki lihamishwe malisho na lichanjwe. Chanjo yenyewe ni bakteria hai waliodhoofishwa. Wengi wanachanja leo na kuchoma penisilini leo. Dawa inaua chanjo, halafu wanalalamika chanjo ni mbovu. Acheni angalau wiki moja kabla na baada.

Kaluma_2

Mzee BwanaMifugo, heshima yako. Hapo kwenye chokaa nakupinga. Muongozo wa WHO wa kimeta unasema chokaa isitumike kwenye kaburi la mzoga. Kalisi iliyomo humo inaweza kuzisaidia mbegu zidumu zaidi udongoni. Chokaa inafaa kwa mizoga ya magonjwa mengine, ndiyo maana mazoea yakaja hadi kimeta.

BwanaMifugo

Nimekubali, Kaluma, na nashukuru. Waliosoma juu wafute neno chokaa. Mita mbili, udongo wa kutosha juu, ua, basi.

Akello_VHT

Kwa upande wa watu: kimeta cha ngozi huanza kama kipele kinachowasha, kikawa lengelenge, kisha kidonda chenye kigaga cheusi katikati na uvimbe pembeni. HAKIUMI. Ndiyo maana watu wanachelewa. Mtu aliyechuna mnyama wiki iliyopita akiwa na kidonda cheusi kisichouma mkononi au usoni, hatumpi mitishamba, tunampeleka kituo cha afya. Antibiotiki inaponya ikianza mapema. Na nyama kuchemshwa sana si kinga. Aliyeikata huenda ameshaambukizwa kabla sufuria haijatiwa maji.

Mgombani

Bwamba, kule magharibi mpakani na Kongo, haijatajwa, na ndipo elimu hii ilipoanzia hapa kwetu. Taasisi ya pale Entebbe ilianzishwa 1936 kwa ajili ya homa ya manjano. Swali lililowasumbua lilikuwa hili: kirusi kiko kwa nyani juu ya miti, kinashukaje?

Kuna mbu wawili. Wa kwanza, *Aedes africanus*, anaishi juu kwenye vilele vya msitu na huuma zaidi punde jua linapozama, nyani wanapokuwa wamepanda kulala. Huyo anazungusha kirusi baina ya nyani na nyani. Wa pili, wa kundi la *Aedes simpsoni*, anazaliana kwenye makwapa ya majani ya mgomba. Vunja jani la mgomba baada ya mvua uone: pale shina la jani linapokumbatia mgomba kuna maji vijiko viwili vitatu, na ndani yake viluwiluwi vinacheza. Shamba likisogezwa hadi ukingo wa msitu, nyani mkia-mwekundu anashuka mchana kuiba ndizi. Mbu wa mgomba anamuuma. Siku kadhaa baadaye mbu huyohuyo anamuuma mama anayekata majani ya kufungia matoke.

Kwa hiyo daraja ni mgomba uliogusana na msitu. Huwezi kumwaga maji ya kila kwapa la shamba zima, wala usijaribu kunyunyizia sumu humo. Kinachofanya kazi ni ukanda wa mimea ambayo nyani haitaki, kama chai, kati ya msitu na migomba; kusafisha majani makavu na majimbi yaliyo karibu na nyumba; na chanjo. Dozi moja inatosha maisha, kinga inaanza siku ya kumi. Tangu 2022 watoto wanaipata katika chanjo za kawaida. Watu wazima wa ukingo wa msitu ndio waliobaki nyuma.

Mwanamisitu

Mgombani umenikumbusha Busoga, upande wa mashariki, ambako mambo yalikuwa kinyume. Huko hakuna msitu uliokatwa. Miaka ya 1970 uchumi ulipovunjika, mashamba ya kahawa na pamba yaliachwa, yakavamiwa na lantana, kile kichaka cha maua ya rangirangi. Lantana inaleta kivuli na unyevu, mbung'o wakahama kutoka kingo za mito wakaingia hadi nyuma ya nyumba, na malale, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o, yakalipuka tangu 1976. Kwa hiyo shamba lililotelekezwa nalo ni mazingira yaliyobadilika.

Upande wa West Nile dawa imekuwa vitambaa vidogo vya buluu na wavu mweusi, sentimita 25 kwa 50 vikiunganishwa, vilivyotiwa sumu ya wadudu, vinachomekwa kama 20 kwa kila kilomita ya ukingo wa mto. Mbung'o anavutwa na buluu, anagonga wavu, anakufa. Vinaharibika kwa njia mbili: mafuriko yanavibeba, na nyasi zinaota zikavifunika hadi mbung'o haoni. Aliyepewa kulinda mto afyeke mbele ya kitambaa.

Kaluma_2

Tusisahau kwamba daraja linapitwa pande zote mbili. Mwaka 1996 gorila wa Bwindi waliugua upele kutoka kwa watu. Mtoto mmoja alikufa, wengine wakatibiwa kwa dawa ya ivermectin. Dkt. Gladys Kalema-Zikusoka aliyewatibu alielekeza macho kwenye nguo chafu za vinyago vya kutishia wanyama mashambani. Mwaka 2013 sokwe watano kati ya 56 wa kundi la Kanyawara, msitu wa Kibale, walikufa kwa kirusi ambacho kwa mtoto wa binadamu ni mafua tu. Inaniuma kila nikikumbuka.

Kwa hiyo wenzetu waongoza watalii: mita 10, barakoa kwa kila mtu, mwenye kukohoa anabaki kambini hata kama amelipa. Na nguo ya kinyago ichemshwe kabla ya kuvishwa.

Nyumba_ya_Bati

Na mtu akitoka mgodini akashikwa na homa, sisi nyumbani tunafanya nini kabla gari halijafika?

MtuWaMaabara

Mpe chumba chake, mtu mmoja tu amhudumie, mpigie simu VHT (mhudumu wa afya wa kijiji), na useme wazi neno "pango" au "mgodi" au "mzoga", kwa sababu dalili za mwanzo ni sawa na malaria. Marburg na Ebola huchukua siku 2 hadi 21 tangu kuguswa. Sampuli ikichukuliwa kabla ya saa 72 tangu homa ianze na ikatoka hasi, irudiwe. Hapo ndipo wagonjwa wanaruhusiwa kwenda nyumbani kimakosa.

Klorini: ya chupa yenye asilimia 3.5 (someni lebo, zinatofautiana), changanya kikombe kimoja na vikombe sita vya maji. Hiyo ni asilimia 0.5, ya sakafu, matapishi, viatu. Ya unga wa asilimia 70, weka gramu 70 kwa lita 10. Ya mikono, chukua kikombe kimoja cha hiyo ya 0.5 uongeze vikombe tisa vya maji. Matapishi yafunikwe kwa kitambaa, yamwagiwe dawa, yasubiri dakika 10 au zaidi, yafutwe, kisha mwaga tena, maana uchafu hula klorini yote. Usinyunyize kwa pampu, inarusha matone. Changanya upya kila siku na weka kivulini.

TumbakuHoima

Nimesoma uzi wote kimya. Mimi nalima tumbaku. Hakuna aliyewahi kutuambia habari ya sokwe na uzi. Tukiacha mwale tufungie nini? Uzi wa plastiki unayeyuka kwenye bani (banda la kukaushia) na kuharibu jani.

Mwanamisitu

Asante sana ndugu yangu kwa kujitokeza. Tumieni katani au uzi wa pamba. Vyote vinavumilia joto la bani na haviachi harufu kwenye jani. Katani iloweke maji kwanza, vinginevyo inakata vikonyo. Ukiinyoosha na kuianika baada ya msimu unaitumia tena. Shida ni kwamba inanunuliwa na mwale unachumwa bure, kwa hiyo iombeni kama kikundi kwa mnunuzi wenu, iandikwe pamoja na mbolea kwenye pembejeo za msimu. Na ile miwale michache iliyobaki bondeni, muache jani la katikati lililojikunja kama mkuki. Hilo likikatwa kila mara, mti unadhoofika.